Majua Matatu

Baba alisema chenza la mlima wetu hulelewa na majua matatu:
la angani,
la baharini, linalorushwa juu na maji,
na la ukutani, kwa kuwa mawe ya matuta
hulala na joto tumboni hadi usiku wa manane.
Aliyahesabu kwa vidole, cha tatu kikiwa nusu;
nusu ya pili aliiacha kwenye meno ya kigari cha reli
kinachopandisha mbolea na kushusha makreti.

Siku hizi nahesabu mimi. Yamezidi.

Agosti tunavisha kila tunda soksi nyeupe,
moja moja, mti hadi mti,
ngozi isibabuke.
Jirani yangu Isao anacheka: shule nzima ya watoto wasio na miguu.
Oktoba sukari imeshafika, ganda bado kijani.
Usiku haupoi, na rangi haiji isipoitwa na baridi.
Novemba ganda linavimba, linaachana na nyama.
Ukilibonyeza unasikia hewa tu,
mume na mke chumba kimoja
wasiosemezana.

Kwenye ushirika, Bwana Hirotsugu hanitazami usoni.
"Ya kukamua," anasema, na kuandika bei
ambayo hailipi hata soksi.

Na ile Julai.
Mvua ilinyesha siku tatu bila kuvuta pumzi,
usiku wa tatu mlima ukakohoa.
Kulipokucha matuta kumi na saba hayakuwapo.
Michenza ilikuwa ghubani, inaelea wima, na majani yake,
kama iliyoamua kuhama kwa miguu.
Mawe ambayo bibi zangu waliyapandisha mgongoni
kutoka ufukweni, jiwe kwa jiwe, miaka na miaka,
yalirudi ufukweni kwa usiku mmoja.
Hakuna aliyeyabeba.
Reli ya kigari ilibaki inaning'inia hewani,
inaelekea mahali.

Kila Desemba tulimpelekea binamu Tsuyako, kaskazini kwenye theluji,
sanduku la kilo kumi.
Mama alilifunga, kisha mimi.
Mwaka jana sanduku lilikuja kwangu.
Nilisoma anwani mara mbili, nikadhani posta wamelirudisha.
Machenza. Ya shamba lake.
Ganda limebana nyama, rangi ya kaa la moto.
Nilimenya moja nikiwa nimesimama, na koti langu mwilini.
Lilikuwa tamu.
Nilikasirika kwa sababu lilikuwa tamu,
nikala la pili.

Machi, mpwa wangu Yasuhei akarudi kutoka Osaka
na miche themanini ya parachichi nyuma ya gari.
"Shangazi, hapa ndipo pake sasa."
Parachichi! Sijui hata huliwa na nini.
Nilimwambia udongo wa pale juu bado unatembea.
Nilimwambia upepo wa kimbunga hausomi mipango ya biashara.
Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akanipa mche nishike,
yeye afukie.
Nikaushika. Mikono ilikuwa mitupu, ndiyo sababu.
Fundo la kamba ya majani ya mpunga nililifunga mwenyewe,
lile la baba, la mtu mwenye kidole nusu,
maana sijawahi kujifunza jingine.

Usiku ule sikulala. Nilitoka, nikaweka kiganja
juu ya ukuta uliobaki, chini kabisa, karibu na tangi la maji.
Saa nane za usiku, mwezi Machi,
jiwe lilikuwa vuguvugu.

Nikamwandikia Tsuyako kumshukuru.
Nikamuuliza hali ya mgongo wake, na theluji imefika wapi.
Halafu, chini, kwa maandishi madogo:
nasikia unataka kujenga matuta.
Shikiza udongo kwa nyasi.
Mawe yaache ufukweni.